Sailensa ya Katani

Ilibidi Mzee Mhina atume mtu akazime mashine yake ya kusaga, maana yeye na jirani yake Gerald walikuwa wamebishana tangu saa ya chai na hakuna aliyekuwa amesikia neno la mwenzake. Dizeli ikakohoa, ikakata. Mtaa ndipo ukajua kumbe kuku wa Mama Faudhia nao walikuwa wakilia muda wote huo.

"Sasa nasema," alianza upya Mzee Mhina, mkono juu ya uzio wa minyaa. "Hilo dude lako lina kelele, Gerald."

"Na mashine yako je, mzee?"

"Mashine yangu inasaga unga. Dude lako linasaga nini?"

Waliokuwa kwenye mabenchi ya Filomena wakacheka, wengine na tonge mdomoni. Filomena, mke wa Gerald, alikuwa akipika chakula cha kuuza katika ua huohuo ambamo mumewe alifanyia kazi ya kuchomelea vyuma, na Handeni nzima hapakuwa na ua unaojaa kama ule. Wanaokula walikuwepo, waliomaliza kula tangu jana walikuwepo, na wale waliokuja tu kusikia nani kamkosea nani hawakuhitaji hata sahani.

Dude lenyewe lilikuwa gari la kuunga. Mgeni mmoja fundi mitambo aliyewahi kuishi Hale alihama akamwachia Gerald makasha, na ndani ya makasha mlikuwa na gari zima likiwa vipande vipande: chesesi, usukani, viti viwili, na bodi ya faiba nyepesi kama beseni. Injini haikuwemo. Gerald alitia ya Corolla iliyopinduka njia ya Segera. Eksozi nayo haikuwemo, na ile ya Corolla haikuenea, kwa sababu gari lilikaa chini kiasi kwamba paka mwenye mimba asingepita uvunguni. Akaunga bomba moja lililonyooka ili asikie tu kama injini inapumua. Injini ilipumua mpaka wateja wakanyanyuka na sahani zao.

Mwenyekiti wa mtaa, Mustapha, alikuwa palepale akila maharage, akatoa uamuzi bila kuacha tonge. Gari linyamaze, na kama haliwezi, liondoke uani kabla ya mwezi mwandamo. Hapo kila mtu alielewa maana yake. Gerald hakuwa na uwanja mwingine, na gari lililotoka uani bila kukamilika lingeishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

"Litanyamaza," alisema Gerald. "Litanyamaza mpaka nyie wenyewe mseme basi."

Mzee Mhina akaridhika, akaenda kuiwasha mashine. Kila mtu alimhitaji Mzee Mhina. Unga ulitoka kwake, na maji pia yalitoka kwake, kwa ndoo, kutoka kwenye matangi meusi nyuma ya mashine. Bomba la serikali pale njia panda lilikuwa limekauka miaka mingi, mbuzi walijikunia tu. Mzee Mhina alisema maji yake yanaletwa na boza, na kwa kuwa boza hilo lilikuja usiku, hakuna aliyewahi kuliona.

Gerald akashika kazi. Alijaza mchanga ndani ya bomba, akaziba ncha zote mbili, akalipasha moto na kulipinda polepole lisikunjamane, mpaka likafuata chesesi kama mkono unaokumbatia. Akakata mtungi wa gesi uliokufa, akapitisha ndani yake bomba lenye matundu mengi kama kichungi, akashindilia steelwaya za kusugulia masufuria. Akawasha. Kelele ilipungua kidogo ikageuka kuwa ya ng'ombe mgonjwa. Akavunja, akaongeza urefu, akabadilisha matundu. Sasa ikawa ng'ombe wawili. Filomena alimwambia kwamba masufuria yake yamechafuka na steelwaya zote zimekwenda kwenye gari, ila hakumwambia aache.

Ndipo Gerald akapanda pikipiki kwenda Korogwe kutafuta bomba nene. Kurudi akapita kwenye kiwanda cha mkonge kilichofungwa zamani, akijua mahali kama pale hapakosi chuma. Mlinzi wake alikuwa mzee wa Kishambaa aitwaye Ernesti, mtu wa Dindira. Gerald alisimamisha pikipiki mbele yake, akamsalimu, akashangaa kidogo tu kwamba injini imezimika yenyewe.

"Haijazimika," alisema Mzee Ernesti. "Iguse."

Gerald akaigusa. Ilikuwa inatetemeka.

"Hapa ndivyo palivyo," mzee akaeleza, akionyesha rundo la nyuzi za katani zilizogeuka kijivu chini ya mitambo yenye kutu. "Hizo zimelala chini ya mashine tangu zinafanya kazi. Zimezoea kula kelele. Sasa hazipati, zinakula inayopita."

Gerald aliomba kiroba kimoja. Mzee akampa viwili, akamwambia azichovye kwenye udongo wa mfinyanzi zisiungue. Gerald alizichovya, akazianika, akazishindilia ndani ya mtungi, akachomelea vifuniko, akaining'iniza sailensa chini ya gari kwa vipande vya mpira wa tairi. Alilala chali uvunguni kutwa nzima, na wateja wakawa wanampa habari za mtaa kwa kuongea na miguu yake.

Alipowasha, hakuna aliyejua kama limewaka. Aliweka kiganja kwenye boneti, akakanyaga mafuta, na minyaa nyuma ya gari ikapepea. Wateja wakaendelea kula. Mmoja alisema safi sana fundi, niwekee na mimi kwenye bodaboda yangu. Wakati huo bodaboda yake ilikuwa imewashwa na haisikiki. Lori la mahindi likapita barabarani kama kivuli cha wingu. Mashine ya Mzee Mhina ilikuwa inazunguka, unga unashuka, na Munira aliyekuja kusagisha akajikuta anamwambia mwenzake siri ya dada yake kwa sauti ya kupigania dizeli, huku dizeli haipo masikioni. Mtaa mzima ukaipokea siri hiyo vizuri. Sailensa ilikula sauti ya kila kitu chenye mafuta. Watu na kuku iliwaacha.

Na maji nayo iliyaacha.

Yalisikika chini ya benchi la kwanza, yakienda kasi, kama mtu anayemimina bila kukoma. Bibi Tatu, ambaye kwa umri wake aliambiwa hasikii, ndiye aliyenyanyuka kwanza. Akachukua ndoo yake akayafuata. Wengine wakamfuata na ndoo zao, kimya, wakitembea juu ya sauti. Ilipita chini ya barabara, ikaambaa na bomba kavu la njia panda bila kuligusa, ikarudi.

"Hapa yamekata kona," alisema Bibi Tatu penye ukuta wa Mzee Mhina. Akasogea hatua chache. "Hapa yanapanda."

Yalikuwa yanapanda kwenye matangi meusi. Gerald aliomba mashine ya kusaga izimwe mara moja, na maji yakanyamaza. Ikawashwa, yakaanza tena. Akasema pampu imefungwa kwenye mkanda wa mashine. Watu wakaitikia kwa vichwa. Halafu, kwa kuwa walikuwa wameshafika kwenye matangi na ndoo wanazo mkononi, wakapanga foleni wakanunua.

Mwenyekiti Mustapha aliitwa asikilize. Alisikiliza mpaka akaridhika, akasema hilo ni bomba la umma na atapeleka taarifa juu. Baadaye akaleta jibu, akalitoa palepale kwenye maharage. Huko juu walikuwa wameangalia, wakakuta mtaa huu hauna maji, kwa hiyo hayawezi kusikika.

Gari sasa lilikuwa limekamilika, na Gerald akatimiza kilichomkalisha uvunguni siku zote hizo. Alimpakia Filomena, wakaenda Korogwe na kurudi, na kila walipopita, trekta na malori yalipoteza sauti na watoto wakapunga mikono. Lakini waliporudi waliambiwa kwamba walipoondoka tu, mashine ya kusaga ilianza kunguruma na maji yakapotea. Hakuna aliyelaumu. Bibi Tatu alisema tu kwamba alikuwa ameanza kuyazoea.

Gerald akalirudisha gari palepale chini ya bati, akaweka matofali kwenye magurudumu. Tangu hapo aliliwasha kila mashine ilipowashwa, na mafuta walileta wateja, kila mtu na kichupa chake.

Mzee Mhina alivumilia, kisha akaja kwenye uzio.

"Gerald, mwanangu," alisema kwa upole, "zile kelele za zamani zilikuwa na ubaya gani?"

"Zilikunyima raha, mzee. Ulisema mwenyewe."

"Mimi mtu mzima, nazungumza mengi. Ifungue hiyo sailensa."

"Mwenyekiti alisema gari linyamaze. Limenyamaza. Siifungui."

"Na mkeo atapikia maji gani nikikataa kumuuzia?"

Filomena alikuwa anachagua mchele, akajibu bila kuinua macho. "Hayohayo, mzee. Hawa wote wananunua kwako. Kila atakayekuja kula ataniletea ndoo."

Mzee Mhina akawatazama waliojaa kwenye mabenchi, akaona ni kweli. Akageuka akaenda zake. Pampu iliendelea, foleni ya ndoo iliendelea, na bomba la njia panda liliendelea na mbuzi wake.

Lakini mchana mashine ilipokuwa katikati ya kazi, waliosubiri unga walizoea kuvuka kuja kukaa kwa Filomena, na upande wa Mzee Mhina ukabaki na vumbi jeupe tu na ukimya. Siku moja naye akavuka. Alisimama penye pengo la uzio, kofia mkononi. Gari lilikuwa linatetemeka chini ya bati. Maji yakaja kutoka barabarani, yakapita chini ya viatu vyake, yakaelekea kwake, na yeye akayasindikiza kwa macho kama wanavyofanya wengine.

"Shikamoo, mzee," walisema waliokuwa karibu.

"Marahaba," alijibu. "Yana nguvu leo."

"Yana nguvu," alikubali Gerald, akikaza nati ambayo ilikuwa imekazwa tayari.

Watu wakasogeana, wakamwachia nafasi kwenye benchi la kwanza. Filomena akaja na beseni na jagi lililojaa, akasimama mbele yake.

"Karibu tule, mzee," alisema. "Lete mikono nikunawishe."