Sarafu Isiyo na Mji

Usiku wa jana, katika nyumba ya wageni pale Manyoni, niliota nimepanda gari kubwa la kukokotwa na ng'ombe. Juu ya gari pamesimamishwa hema, na ndani ya hema mna karakana ya kugongea sarafu za fedha. Wenyewe walikuwa Wamongolia wa zamani, kambi nzima ikisafiri juu ya magari. Sikushangaa. Nimeshapanda magari mabaya zaidi.

Fundi mkuu alikuwa mama mmoja mnene, Altani, nyundo mkononi. Juu ya fuawe amelaza kipande cha fedha cha mviringo, kitupu, hakijachorwa kitu. Kinalia.

"Kinalilia nini?" nauliza.

"Sheria ya Khani, mfalme wetu, mzee. Kila sarafu iandikwe mji ilipogongwa. Isiyo na mji inarudi tanuruni."

"Nimeshayeyushwa sana," kipande kinasema. "Nilikuwa bangili, halafu pambo la hatamu ya farasi. Nimechoka, babu. Nataka kuwa kitu kimoja."

Altani ananyanyua nyundo. Nje mji wa Tabrizi unakuja mbio, umepandisha kuta zake magotini kama kanzu. Kabla nyundo haijashuka, mji umeshapita. Unakuja mji wa Sarai.

"Ngoja kidogo basi!" Altani anauita.

"Nina soko leo," Sarai unajibu, wala haugeuki.

"Simamisha ng'ombe," nikamwambia.

Ng'ombe wa mbele akanigeukia. "Khani mwenyewe hajasimama tangu azaliwe, tusimame sisi? Wewe umeshawahi kusimama?"

Darasa la kwanza nilisomea Kondoa, la pili Sikonge, la tatu nilisoma nusu, maana baba alikuwa ameshafunga mizigo.

Tanuru likapiga miayo. "Na huyu mzee ameandikwa mji gani?"

Altani akanitazama usoni, akanigeuza, akatazama kisogo. "Pande zote tupu," akasema kwa huruma. "Pole, mzee. Sheria haikutaja fedha peke yake. Mtaingia wote wawili."

Kipande kikanishika kidole. Kilikuwa cha baridi.

"Mama," nikasema, "humu kambini watu wanalala?"

"Wanalala."

"Wanapika? Wanaoana?"

"Mimi nimezaliwa juu ya gurudumu lile la nyuma."

"Sasa unahangaika na mji gani tena? Andika Kambini."

Nyundo ikabaki hewani. Tanuru likafumba mdomo. Ng'ombe wa mbele, mjuzi wa sheria, akatafuna weee, kisha akasema, "Khani akituma mjumbe Kambini, anafika. Basi ni mahali."

Altani akachonga neno kinyumenyume kwenye muhuri wa chuma, akapuliza vumbi, akagonga. Kipande kikainuka sarafu kamili. Kikajisoma upande mmoja, kikajigeuza, kikacheka peke yake kama bibi harusi mbele ya kioo.

"Zamu yako, mzee. Inama."

Nikainama. Nyundo ikashuka, nikaamka.

Kumekucha. Nje Mama Ndeshi, mwenye nyumba, anafoka: "Nani kaingiza mkokoteni uani kwangu? Na geti nimelifunga mwenyewe!"

Nikatoka na mfuko wangu. Alama mbili pana za magurudumu zilianzia chini ya ukuta wa chumba changu, zikapita katikati ya mchicha wake kuelekea kaskazini. Hakuna mche uliolala.

"Mzee, hata chai hunywi?"

"Nawahi nyumbani."

"Makubwa! Si ulisema huna kwenu?"

"Ninako, mama. Ila kunatembea. Nifungulie geti."