Chupa Nne za Maji

Mwaka 1967 Thani alikwenda Matrah, bandari ya Uarabuni, kumweleza Bi Mahfoudha jinsi mwanawe Marhoon alivyofia mlimani huko Wales, walikokuwa wakisoma pamoja. Aliyapanga maneno yake kama ripoti: saa waliyoanza kupanda, mvua, ukungu, majabali yanayoteleza, na baridi iliyommaliza mwenzake kabla waokoaji hawajafika.

Bi Mahfoudha alimsikiliza mpaka mwisho, kahawa ikipoa mbele yao. Dirishani ilionekana milima mikavu ya Matrah, ambayo watu huiogopa kwa kiu.

"Nna suali moja tu, mwanangu," alisema. "Nilimwandikia asipande mlima bila ya maji. Aliyachukua?"

Thani alilijua jibu lote. Asubuhi ile Marhoon alilitoa koti lake zito mkobani ili chupa nne zipate nafasi. Thani alimcheka: "We Mmanga, huko juu maji yatakutafuta yenyewe!" Marhoon akajibu, "Mama kasema."

"Aliyachukua, mama. Chupa nne."

"Akanywa?"

"Akanywa. Tulipomshusha, mbili zilikuwa bado zimejaa."

"Alhamdulillahi." Bi Mahfoudha alijifuta macho kwa ncha ya kanga. "Basi hakufa na kiu."

"Hakufa na kiu."

Sanduku lilikuwa miguuni pa Thani, na ndani yake lile koti, kavu, alilokuja nalo ili amkabidhi. Alipoaga, alilibeba tena akaondoka nalo.