Hakuwa Amenuna

Nilimtoga mwanangu masikio kwa mkono wangu mwenyewe, mwaka wa themanini na tatu, wiki mbili kabla ya Idd. Matundu matano kila sikio, kama tulivyotogwa sisi kwetu Lamu. Majirani hapa Muyeye waliniambia siku hizi moja latosha. Mimi, Batuli, sikuwahi kuambiwa jambo nikalisikia. Nilitumia mwiba wa mdimu, nikapitisha uzi, nikapaka jivu la jikoni. Mwanangu huyo, Harusi, alikuwa na miaka saba. Alilia kidogo, kisha akaomba kioo.

Siku ya tisa alikataa wali. Asubuhi ile nilikuwa nimemgombeza kwa kuvunja birika, basi nikajua amenuna.

"Acha kununa. Fungua kinywa ule."

"Sijanuna, mama. Taya lauma," akasema, meno yameumana.

Nikampiga kofi. Halikuwa kubwa, lakini nilimpiga.

Kesho yake shingo ilikuwa ngumu kama ubao. Baba yake, Gharib, akambeba mpaka hospitali. Muuguzi mmoja, Priscilla, mtu wa Kaloleni, aliyatazama masikio ya mtoto, kisha akanitazama mimi.

"Ni pepopunda, Mama Harusi. Kidudu chake kimeingia kwa matundu haya, pengine na mwiba, pengine na jivu. Kinatoa sumu, na sumu inapanda kwa mishipa ya fahamu mpaka uti wa mgongo. Huko ndiko misuli inakoamrishwa ilegee. Sasa amri hiyo haipiti, kila msuli unakaza tu."

"Na dawa?"

"Tumemdunga sindano. Lakini sumu iliyokwisha kushika mishipa haing'oki. Tungoje."

Walimlaza chumba cha giza. Hakuna kumgusa, hakuna kumsemesha. Mlango ukigongwa tu, mgongo ulipinda, akabaki juu ya kisogo na visigino. Nilimuuliza Priscilla kama mtoto ajijua. Nilitaka aniambie hajijui.

"Akili yake ni nzima," akanong'ona tulipotoka. "Anasikia kila kitu."

Kwa hiyo alijua kwamba mama aliyempiga amekaa pale kimya. Nilikuwa na neno moja tu la kumwambia, anisamehe, na nililizuia siku nne, mimi ambaye nikiita kuku nasikika mtaa wa pili. Mara moja lilinishinda. Nilisema "Mwanangu," akapinda mpaka midomo ikawa buluu, na Priscilla akanishika mkono akanitoa nje. Tangu hapo nikikaa naye nilijiziba mdomo kwa leso.

Asubuhi ya siku ya tano pumzi ilikatika isirudi. Mwili wote ukalegea, taya likaachia. Nikampakata. Nikamwambia anisamehe, nikamwambia najua hakuwa amenuna, nikayasema tena na tena kwa sauti yangu ile kubwa. Priscilla akafungua mlango, akafungua na mapazia, wala hakuniambia ninyamaze.