Kete za Soli

"Hiki kimelika puani," alisema fundi viatu, akikigeuza kiatu juu ya goti lake. "Kisigino kizima, ubavu mzima, lakini mbele soli imekwisha. Shemeji, mwenye kiatu hiki anaburuta mguu."

"Kwani hukijui?" aliuliza mama aliyekileta, mke wa Mkasi.

Alikijua vizuri sana. Alikuwa amekishona yeye mwenyewe zaidi ya mara moja. Kilikuwa kiatu cha kulia cha Mkasi, fundi cherehani, rafiki yake wa zaidi ya miaka ishirini. Miezi mitatu sasa Mkasi alikuwa amelazwa kwenye kituo cha wagonjwa wa kiharusi, ng'ambo ya barabara kuu, mwendo wa robo saa kwa miguu. Na katika miezi mitatu hiyo, tuseme ukweli tu, fundi viatu hakuwa amekwenda kumwona hata siku moja. Kazi zimemzidi, ndivyo alivyojisemea. Kazi zipi, jamani? Kila mteja aliyefika alimkuta ameinamia drafti.

Huyu fundi viatu walimwita Sheria, na jina alilipata hapo hapo kwenye drafti. Kibanda chake kilikuwa na benchi, ubao, na vizibo vya soda kwa ajili ya kete, na kilikuwa na kanuni moja isiyo na msamaha: ukigusa kete, umeicheza. Siku moja Dereva, mstaafu aliyekuwa haondoki kwenye lile benchi, alipiga chafya kiwiko kikagusa kete. Sheria akamlazimisha kuicheza. Dereva akaliwa tatu kwa mpigo, na akanuna wiki nzima.

"Haya, nitakibandika raba mbele," Sheria alisema. "Njoo kesho."

Mke wa Mkasi hakuondoka. Alivuta kigoda cha wateja akaketi.

"Shemeji, sikuja kwa ajili ya kiatu. Kutembea kwenyewe ameacha. Mkono ndiyo kabisa, hataki hata kuutazama. Dada wa mazoezi anamwambia shika kikombe, shika mpira, yeye anageukia ukutani. Haongei. Wiki ya tano hii sijasikia neno. Kile kituo ni cha msaada. Kina vitanda kumi na viwili tu, na foleni ya wanaosubiri ni ndefu. Wameniambia, kama mpaka mwisho wa mwezi hajaanza kujaribu, nimchukue nyumbani, kitanda apewe anayejaribu. Siwalaumu. Lakini nikimrudisha hivi alivyo, shemeji, ndiyo basi tena. Atalala vile vile mpaka siku yake."

"Mwisho wa mwezi ni siku kumi na moja," alisema Mwalimu, mchezaji mwingine wa drafti, kutoka kwenye benchi.

"Kumi na moja."

"Sasa mimi nifanye nini?" Sheria aliuliza. "Mimi ni wa gundi na sindano."

"Uje ucheze naye drafti."

Dereva aliguna. Mama yule akamgeukia. "Na wewe! Nyinyi nyote. Kule wanatafuta watu wa kujitolea. Hawataki pesa, wanataka watu wenye muda wa kukaa na mgonjwa. Nikamwambia dada wa mazoezi, muda? Nyamaza, muda mimi najua ulikolundikwa!"

Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. Sheria hakucheka. Alikuwa anaogopa, na hofu yake ilikuwa ya aibu kuisema. Mkasi alikuwa mtu pekee aliyemfunga drafti mbele za watu, tena kwa vidole vile vyembamba vya kutunga uzi, vinaisogeza kete kabla hujapepesa jicho. Sheria hakutaka kuviona vidole vile vimelala. Ndiyo sababu iliyomzuia miezi mitatu, hakuna nyingine.

Lakini shemeji yake alikuwa ameketi pale kwenye kigoda, na haondoki. Akapiga moyo konde. "Kesho mchana," alisema.

*

Kituo kilikuwa nyumba ndefu ya chini, na ukutani, kuanzia mlangoni mpaka mwisho wa ukumbi, kulipita bomba la chuma la kushikilia. Lilikuwa limeng'aa kwa viganja. Mkasi alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha. Mkono wa kulia ulikuwa pajani kama mzigo wa mtu mwingine aliyemwomba amshikie mara moja.

Sheria alikuwa amepanga maneno njiani. Yote yakayeyuka.

"Nisamehe, ndugu yangu," alisema. "Nimechelewa."

Mkasi alimtazama muda mrefu. Jicho moja likalengwa na machozi, kisha akatazama pembeni.

Dada wa mazoezi alikuwa msichana mfupi, mwepesi, mikono ya shati ameikunja. Alimvuta Sheria kando. "Baba, asante kwa kuja. Acheze kwa mkono wa kulia tu. Mpe muda, usimharakishe. Na umsifie. Wagonjwa wanahitaji kusifiwa."

Basi Sheria akasifia. Mkasi alipokisukuma kizibo kwa ukingo wa kiganja, kikapotea chini ya kitanda, Sheria alisema, "Vizuri sana!" Cha pili kilipogoma kushikika, alisema, "Safi kabisa, unaendelea vizuri!" Sauti haikuwa yake, ilikuwa ya mtu anayetembeza dawa ya meno. Mwisho, kwa nia njema tupu, akaisogeza kete yake mahali pa kijinga, pa wazi kabisa, ili mwenzake aile.

Mkasi aliitazama ile kete. Akainua uso akamtazama Sheria. Kisha akausukuma ubao kwa mkono wa kushoto, vizibo vyote vikamwagika, akageukia ukutani.

"Nimekosea wapi?" Sheria alimuuliza shemeji yake getini, na kweli hakujua. Yule mama alimshika mkono tu, akamshukuru kwa kuja, na shukrani ile ilimuuma Sheria kuliko kama angetukanwa.

Siku ya pili hakufungua drafti kibandani. Dereva na Mwalimu walikaa kwenye benchi kama watu waliokatiwa maji. Sheria alikuwa ameshika kizibo, anakigeuza kwa vidole vitatu, kisha viwili, kisha kwa ngumi iliyokunjwa. Chembamba, kinateleza, ukingo wake unakwaruza. Mtu mwenye mkono mzima hajui kwamba kizibo ni kitu kigumu kushika. Akavuta boksi la soli chakavu. Akachagua mpira mweusi wa unene wa kidole gumba, na ngozi ya kahawia ya viatu vya kiume vya zamani. Akapima mduara kwa kifuniko cha kopo la gundi, akakata kwa kisu cha ngozi, kete kumi na mbili za mpira na kumi na mbili za ngozi, vipande viwili viwili vilivyobandikwa pamoja. Kila moja akaipiga msasa pembeni ili ishike kidole. Ilimchukua mchana kutwa. Mteja mmoja alikuja kuchukua ndala zake akaambiwa arudi keshokutwa.

"Unatengeneza nini, keki?" Dereva aliuliza.

"Nyamaza wewe."

*

Aliporudi kituoni alipanga zile kete mpya. Mkasi aliangalia dirishani, lakini ni nani aliyecheza drafti miaka ishirini akaweza kuacha kutazama ubao uliopangwa? Macho yakarudi yenyewe. Mkono ukainuka, ukatetemeka, ukatua juu ya kete ya mpira. Ikashikika! Ikaenda. Dada wa mazoezi, aliyekuwa akimnyoosha mguu mama mmoja muuza mboga kitanda cha pili, alisimamisha kazi.

Walicheza hatua sita, saba. Sheria alijikuta anafikiri. Akasahau alipo. Akasahau kituo, akasahau kusifia, akauona ubao tu. Mkasi alikuwa na njia nzuri upande wa kushoto, na mkono ukaenda huko, lakini ulipofika katikati ukapata mtikisiko, ukaangukia kete ya jirani, ukaigusa, ukaondoka.

"Umegusa," alisema Sheria. "Cheza!"

Neno lilikuwa limeshamponyoka.

Mama wa mboga alishusha kikombe. Mke wa Mkasi aliziba mdomo kwa mkono. "Baba!" alisema dada wa mazoezi, uso umemwiva. "Baba wewe, una akili kweli? Mgonjwa huyu!"

Sheria alitamani sakafu ifunguke. Alitaka kuomba radhi, alitaka kuikusanya ile takataka yake ya soli akimbie, asirudi tena maishani. Lakini Mkasi alikuwa anafanya kitu na mdomo wake. Upande mmoja ulikuwa unavuta, mwingine haufuati. Mshipa ulimtoka shingoni.

"Mw..." alisema. "Mwi... mwizi."

Akakaza mdomo, akaanza upya.

"Mwizi wewe!"

Kisha akaurudisha mkono wa kulia juu ya kete ile aliyoigusa, mbaya kuliko zote ubaoni, akaikamata kwa kidole gumba na ubavu wa kiganja, na akaicheza. Ilichukua muda wa kumenya chungwa. Alipomaliza alimtazama Sheria kwa jicho lile la zamani, jicho la haya-sasa-fanya-utakavyo.

Na Sheria akafanya. Akala mbili, bila huruma, machozi yanamtiririka mpaka kwenye ndevu.

Mabega ya Mkasi yakaanza kutikisika. Mke wake alikimbia akapiga magoti mbele ya kiti, akidhani anazidiwa. Kumbe anacheka.

Baadaye, kwenye ukumbi, dada wa mazoezi alimfuata Sheria. "Nilikuwa nakutimua," alisema. "Nilikuwa nimeshafungua mdomo."

"Ungenitimua, ungekuwa na haki."

"Miezi mitatu tunamwambia vizuri sana, vizuri sana. Hakuna aliyemkasirisha." Alifuta paji la uso. "Kesho saa ngapi?"

*

Siku ya tano Dereva na Mwalimu walikuja pia, kila mmoja akisingizia kwamba amekuja kumwangalia mwenzake. Sheria alikuwa amekata seti mbili zaidi. Mwalimu alipewa mzee mmoja karani aliyekuwa hakumbuki majina ya watoto wake lakini anakumbuka kila mtego wa drafti. Dereva alipewa mama wa mboga, ambaye hakuwahi kucheza. Alimfundisha Jumatatu. Alhamisi mama akamfunga.

"Ameninyanyasa," Dereva alilalamika njiani. "Mama wa watu mgonjwa! Kesho narudi, lazima narudi."

Kelele zilizidi mpaka dada wa mazoezi akabandika karatasi mlangoni: kutukanana mwisho saa kumi. Lakini alikuwa anahesabu kimya kimya, kila mgonjwa mkono unainuka mara ngapi, na jioni moja alimwonyesha Sheria daftari lake. Kwa mpira na kikombe, hata sasa Mkasi alikuwa akikubali mara nne tu kwa siku, akibembelezwa. Kwa drafti, mara tisini na mbili, na hakubembelezwa na mtu.

"Shemeji, sijui nikushukuru vipi," mke wa Mkasi alimwambia siku hiyo.

"Usinishukuru, tafadhali." Sheria alihangaika na kamba ya mfuko wake. Hakuwa hodari wa maneno ya aina hii. "Mimi ndiye niliyekuwa nimepotea. Ulinifuata mpaka kibandani, ukakaa kwenye kile kigoda kibovu. Kama usingekuja, nisingekuja mimi, najijua. Namshukuru Mungu kwa ajili yako, shemeji. Kweli kabisa."

Mwisho wa mwezi uliangukia Jumamosi. Sheria alifika mapema na kumkuta Mkasi ameshapanga kete, zote ishirini na nne, ngozi upande wake. Hakuuliza amezipanga kwa mkono gani. Baadhi zilikuwa zimekaa upande. Walianza kucheza bila salamu.

Dada wa mazoezi aliingia na faili, nyuma yake mwanamke mgeni, ndugu wa mgonjwa aliyekuwa kwenye foleni. Yule dada alisimama miguuni pa kitanda cha Mkasi. Alilitazama faili, akautazama ubao, akautazama mkono.

"Dada yangu, twende tukaangalie chumba cha pili," alimwambia mgeni wake kwa upole. "Hapa bado pana mwenyewe."

Sheria aliinamisha kichwa, akajifanya anafikiria mchezo.

Mke wa Mkasi naye aliingia, ameshika bakuli, mvuke unatoka. Hakuwa amesikia lolote. Alivuta kiti, akatandika kitambaa kifuani kwa mumewe, akachota kijiko akakipuliza, akakipeleka mdomoni mwa Mkasi, kama alivyofanya kila mchana kwa miezi mitatu.

Mkasi alirudisha kichwa nyuma.

"Ngoja," alisema. "Zamu... yangu."

Yule mama akabaki na kijiko hewani. Mkono wa kulia ulikuwa umeshaondoka pajani, unapita juu ya meza polepole, vidole vimefunguka nusu, unasimama, unaendelea. Ulifika juu ya ubao ukakaa hapo, bado haujaamua. Mvuke wa bakuli uliendelea kupanda katikati yao, na chakula kikaanza kupoa, na hakuna aliyekuwa na haraka.