Viputo vya Bwana Punguza

"Kikombe nilichokifunga mimi," mfinyanzi alipenda kuwaambia watu, "kirushe kutoka ghorofani, kitafika chini kizima, kiulize chai iko wapi." Kisha, kabla hujamaliza kustaajabu, anaongeza: "Nilijaribu mara moja. Kilikufa. Lakini kilikufa kimefungwa vizuri, hata seremala wa majeneza angenisifu."

Mzaha ule aliuacha siku mwenye gesti alipopiga simu. Huyo ndiye aliyekuwa mteja wake mkubwa, mwanamke wa maneno machache, na gesti yake ilikuwa mji mwingine, mwendo wa kutwa kwa lori la vifurushi. Ilikaribia kufunguliwa, na vyombo vyote vya mezani alikuwa ameagiza kwa mfinyanzi. Mzigo wa kwanza ulimfikia nusu yake vigae. Sasa ulikuwa umefika wa pili.

"Mama, nimefungua boksi nikadhani umeniletea kokoto," alisema. "Kufinyanga unajua, Mungu akuzidishie. Ila kufunga hujui. Nakupa nafasi ya mwisho. Mzigo ujao ukifika hivi, nanunua vya kiwandani."

Mfinyanzi akabaki anaitazama simu kama imemtemea mate. Kumkosa mteja yule ni tanuri kupoa, na tanuri likipoa yeye atakula nini, udongo? Hilo lilimtia hofu. Lakini *kufunga hujui* ndilo lililomchoma. Yeye, anayevika kila kikombe kama mtoto mchanga anayepelekwa kliniki siku ya baridi? Damu ilimpanda mpaka masikio yakawa ya moto.

Wa kujibu alikuwa chumba cha pili, anakunywa chai. Ni shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, aliyeshika mfuko wa karakana tangu msiba. Watu walimwita Bwana Punguza, maana hakuna alichokiona asitake kipunguzwe: kuni, sukari, hata salamu.

"Shemeji, vimevunjika tena."

"Pole."

"Pole yako haiungi kikombe. Nilivifunga kwa nailoni ya viputo, matabaka mawili, na magazeti nikashindilia kila pembe. Nilitikisa boksi, lilikuwa kimya kama maji mtungini. Vimevunjikaje?"

"Si wale wa vifurushi? Wanarusha mizigo kama wanacheza mpira. Nimewasema mpaka koo limekauka."

"Basi safari hii nitakwenda mwenyewe nikawaseme."

"Kwa magoti hayo?" Bwana Punguza alipuliza chai yake. "Kaa, shemeji. Kupeleka ni kazi yangu. Wewe nipunguzie nailoni. Mteja hanunui viputo, ananunua vikombe."

"Kwa sasa ananunua kokoto."

"Nailoni imepanda bei. Halafu ofisini wanatoza kwa ukubwa wa boksi, na maboksi yako yamenenepa kama mabwana harusi. Biashara ni kubana."

"Nikikubana shingo hapo ulipo, itakuwa biashara au starehe?"

Shemeji alicheka, tena kicheko cha mtu aliyeshiba. Mfinyanzi alirudi kwenye udongo wake, akaupiga juu ya ubao mpaka majirani wakadhani wanandoa wamegombana.

Mzigo wa mwisho ulipotoka tanurini umetimia, akaanza kuufunga. Nailoni ilikaa chumbani kwa shemeji, chini ya kufuli, naye aliileta imekatwa vipandevipande.

"Bunda jipya hili," alisema, akivitupa mezani. "Nimekata sasa hivi. Usivimalize vyote."

Mfinyanzi hakuwa na haja ya mkasi kazini. Selotepu aliikata kwa meno, na kwa kuwa jino moja la mbele lilikwisha kuhama, kila ncha aliyoing'ata ilibaki na kiulimi katikati. Alivika kikombe cha kwanza, akavika cha pili. Kipande cha nailoni kilichofuata kilikuwa kimelegea, viputo vyake vimepasuka na kulala kama utando wa maziwa. Ukingoni palining'inia selotepu kuukuu. Aliibandua, akaipeleka dirishani. Kwenye ncha, katikati kabisa, kulikuwa na kiulimi.

Akaketi. Nailoni hii ilishatoka humu ndani ikiwa imekumbatia kikombe chake, na sasa imerudi nyumbani peke yake, imekuwa bunda jipya. Kikombe basi kilisafiri uchi.

Siku nyingine angepiga kelele mpaka paa lisogee. Safari hii hasira ilishuka tumboni ikakaa, na wanaosema kimya kingi kina mshindo mkuu bila shaka waliwahi kupanga chumba karibu na mwanamke kama huyu. Alifunga kila chombo kama alivyozoea, akatikisa boksi, likanyamaza.

"Haya, baba, peleka," akasema. "Safari njema."

Upole ule ungemtisha mtu mwenye akili. Bwana Punguza alishukuru, akapakia boksi kwenye mkokoteni, akaondoka anapiga mluzi. Mfinyanzi alijitanda mtandio, akamfuata kwa mbali. Magoti yalilalamika njia nzima. Akayaambia yanyamaze, wakubwa wana shughuli.

Ofisi ya vifurushi ilikuwa ukumbi mrefu wenye mzani, feni inayokwaruza, benchi la wanaosubiri, na wapagazi wanaoburuta mizigo sakafuni. Bwana Punguza alikuwa amechuchumaa mbele ya kaunta, ameupa mlango mgongo, kisu mkononi. Boksi lilikuwa limepasuliwa tumbo. Alikuwa akitoa vikombe, anavivua nailoni kimoja baada ya kingine, anavipanga uchi ndani ya kijiboksi kidogo kilichokaa juu ya mzani, kikombe juu ya kikombe, na nailoni anaisukumiza guniani. Boksi dogo, nauli ndogo, na nailoni ya jana inanunuliwa upya kwa mfuko wa karakana. Pesa iliyobaki ililala mfukoni mwa nani, hapakuhitaji mpelelezi.

Mikono ya mfinyanzi ilitamani ile shingo. Badala yake akaketi mwisho wa benchi, nyuma ya shemeji kabisa, akavuta mtandio mdomoni na kupiga simu.

"Shemeji, umefika?"

"Nimefika zamani. Nimeshakabidhi."

"Hawajalifungua boksi langu?"

"Nani alifungue? Nimewaambia wasiguse hata selotepu. Nimeliona kwa macho yangu likipandishwa kwenye lori. Tulia, unywe maji."

Karani aliinua kichwa kutoka kwenye mzani. "Mzee, kikombe hiki kinakwama boksini kwa sababu ya mkono wake. Nikibonyeze kidogo?"

Bwana Punguza akampungia kisu anyamaze.

"Nani huyo anataka kubonyeza?" mfinyanzi akauliza.

"Redio, shemeji. Hapa huwa wanaweka redio."

"Inasema nini?"

"Habari tu. Mambo ya serikali."

Mfinyanzi aliinuka, akateremsha mtandio na kuitia simu mfukoni.

"Iongeze sauti basi," alisema juu ya kichwa cha shemeji, "nami nisikie."

Bwana Punguza alibaki amechuchumaa palepale, simu ameigandisha sikioni, mkono wa pili umeshika kikombe kisicho na nguo.