Kiarabu cha Redioni

Kiarabu nakijua kuliko Waarabu wenyewe. Ndivyo nilivyomwambia daktari wa meno, tena bila kupepesa macho. Akanipa mgonjwa mmoja nimkalimanie. Nikifaulu, kazi yangu. Shangazi, mpokezi wake na ndiye aliyenipigia debe, akanikata jicho. "We mtoto, usinitie aibu."

Aibu gani? Miaka mitatu nimelala na kuamka na redio ya Kiarabu. Taarifa ya habari naielewa yote, mpaka hali ya hewa. Na kusema nasema, kwa sauti ileile nzito ya mtangazaji.

Akaingia mama mmoja, kadi ya kliniki mkononi. Nikamkaribisha kwa Kiarabu, nikamkalisha kwenye kile kiti cha kulaza mgonjwa. Alinielewa vizuri tu. Kisha akanijibu.

Jamani! Maneno yalimtoka kama maharage yanayomwagika sakafuni. Nikasubiri nilisikie hata moja la redioni. Wapi! Hiki Kiarabu gani sasa, cha mitaani kwao? Au miaka yote hiyo nilikuwa nasikiliza lugha nyingine?

"Anasemaje?" daktari akauliza.

"Jino, daktari. Linamsumbua."

Mama akaonyesha mlango.

"Na sasa?"

"Anaogopa sindano. Anataka kukimbia."

"Basi mtulize."

Nikamtuliza kwa maneno niliyokuwa nayo: hali imedhibitiwa, majeruhi wanapatiwa huduma, wananchi wasiwe na hofu. Badala ya kutulia, akashika kifua, akaangua kilio. Nikachanganyikiwa. Kila nikimtuliza, kilio kinapanda!

"Mwambie afungue mdomo," daktari akasema, taa keshawasha. Nikamwambia. Akafungua, machozi yakimtiririkia masikioni. Daktari akachungulia huku na huku.

"Mbona meno yote mazima?"

Mlango ukafunguliwa. Kijana mmoja, funguo za gari mkononi, shavu limevimba kama kameza chungwa likagoma kushuka.

"Samahani, nilikosa pa kuegesha," akasema kwa Kiswahili safi kabisa. "Mama yangu anafanya nini hapo? Mgonjwa ni mimi."

Mama akaruka kutoka kitini, akamkumbatia, akampapasa kichwa, mikono, mbavu, huku akimmiminia maharage yake. Kijana akasikiliza mpaka mwisho. Nyuma yake, Shangazi alikuwa kasimama mlangoni, naye anasikiliza.

"Anasema tangu aingie anakwambia mgonjwa yuko nje, anaegesha gari," kijana akanigeukia. "Na wewe ukamjibu kuna majeruhi. Majeruhi gani, ndugu yangu?"