Kipimajoto cha Dirishani kwa Shangazi

Mti wa kwanza wa shangazi ulikuwa mpichi, na mtaa mzima ukauita Bibi Harusi. Kila mwaka unajipamba maua kabla ya miti yote, na kila mwaka jalidi inashuka asubuhi moja, umande unaganda juu ya maua, kwisha habari. Hata pichi moja ya kuonja! Wa pili, mplamu, nao ukawa hivyohivyo.

"Wifi yangu analima maua," mama alimchokoza kutoka upande wetu wa ukuta, akitafuna tufaha la mti wake kwa kishindo ili asikike.

Uani kwa shangazi palibaki nafasi ya shimo moja. Akatangaza, nyumba imejaa watu kama kawaida yake, kwamba wa tatu usipozaa anamwaga saruji, anapanga viti, na matunda hayataji tena. Alicheka aliposema, lakini nilimwona akikunja na kukunjua leso. Alikuwa amechoka kupelekewa matufaha na wifi yake kama mgonjwa.

Tukamsindikiza kwenye kitalu cha miche. Mama naye alikuja, angekosaje?

"Nipe usiohitaji baridi nyingi," shangazi alimwambia muuza miche, akifungua daftari. "Nimehesabu mwenyewe miaka sita. Saa za baridi kwetu hazifiki mia tatu kwa mwaka."

Muuza miche, udongo umempanda hadi viwikoni, alikunja uso. "Dada, mtaa wa hapo chini? Mimi napata zaidi ya mia nane. Kipimajoto umekitundika wapi?"

"Dirishani, jikoni."

"Moto unapowaka?"

"Sasa nikitundike wapi? Pale ndipo naona nani anapita na nani."

Mama alicheka hadi akashika meza asianguke. "Kumbe miaka yote unapima homa ya sufuria!"

Muuza miche aliuma midomo, akaeleza. Miti hii hulala wakati wa baridi, kila mmoja na kiasi chake. Ya shangazi, aliyoinunua kwa hesabu ya jikoni, ilikuwa ya usingizi mfupi: ikishiba baridi mapema, jua la siku mbili tu linaiamsha, inachanua, jalidi inarudi na kuikuta wazi. Akamchagulia mtufaha wa usingizi mrefu, unaochanua mwisho kabisa.

Mwisho kweli. Miti ya jirani yote imevaa, wa shangazi fimbo tupu. "Wifi, huo ni mti au mpini wa jembe?" Mwaka wa kwanza alivumilia. Wa pili nilimkuta anaukwaruza gome kwa ukucha aone kama uko hai.

Mwaka wa tatu joto liliwahi. Mtufaha wa mama ukachanua mapema kuliko desturi yake, mweupe pee, mama akaita watu waje kuona. Siku nne baadaye jalidi ikashuka. Asubuhi maua ya mama yote yalikuwa ya kahawia, na fimbo ya shangazi bado imelala fofofo.

Ilizaa matufaha kumi na moja. Shangazi aliyahesabu kila siku kupitia dirisha lile lile, hadi siku mlango ulipogongwa. Mama, na bakuli tupu mkononi.

"Nimekuja kukusalimia tu, wifi."

"Na bakuli limekuja kumsalimia nani?"

Shangazi aliweka matano. Mama aling'ata moja palepale mlangoni, akafumba jicho.

"Chachu kidogo," akasema, na bakuli akalificha ndani ya khanga.